Mtafiti Aliyechemshwa Dakika 10

"Shikamoo dada. Supavaiza anasema Kiingereza changu kinaning'inia, ila hajasema kinaning'inia wapi."

Alikuwa binti wa shahada ya uzamili, sayansi ya chakula, ameketi kwenye kiti cha plastiki nje ya stesheneri ninakofanyia kazi siku za Jumamosi. Hiyo ndiyo ofisi yangu: meza moja, feni, kelele za mashine ya fotokopi na foleni ya watu wanaotaka kubaindi. Nahariri tasnifu. Wenye tasnifu huja maji yakiwa yameshafika shingoni, sura zimerudishwa mara ya tatu na tarehe ya kuwasilisha ni wiki ijayo.

Nikafungua sura ya tatu, ile ya mbinu za utafiti. Msimamizi alikuwa amepiga duara jekundu kwenye sentensi moja, pembeni akaandika "Dangling!", basi. Sentensi yenyewe hii hapa:

"Having been boiled for 10 minutes, the researcher cooled the kisamvu samples under running water."

Nikamwomba aisome kwa sauti. Akaisoma vizuri kabisa, hakukwaa popote. Nikamuuliza, nani kachemshwa?

"Kisamvu, dada."

"Kwa Kiingereza hiki, mdogo wangu, kisamvu hakijaguswa na moto. Aliyechemshwa ni wewe."

Alicheka mpaka jamaa wa fotokopi akageuka. Halafu akatulia, akairudia ile sentensi polepole kwa ncha ya kalamu, akasema jambo ambalo sijalisahau: "Lakini mimi nikiisoma naona kisamvu tu. Simwoni mtafiti ndani ya sufuria."

Miaka yote nimelieleza kosa hili kwa kanuni za Kiingereza, nikawapa watu mifano ya kuchekesha, wakacheka, wakaenda nyumbani wakalirudia. Sikuwahi kujiuliza kwa nini hatulioni. Yule binti hakuwa mzembe. Alikuwa anasoma Kiingereza kwa macho ya Kiswahili, na kwa macho hayo sentensi ile haina kasoro yoyote.

Igeuze uone. "Zikiwa zimechemshwa kwa dakika 10, mtafiti alizipoza sampuli za kisamvu kwenye maji yanayotiririka." Hakuna aliyeungua. Ile zi- ya mwanzo imeshatangaza, hata kabla ya mtafiti kutajwa, kwamba kilichochemshwa ni vitu, tena vya ngeli ya sampuli. Mtafiti hawezi kuingia kwenye zi- hata umsukume. Kitenzi cha Kiswahili hutembea na kitambulisho mfukoni. Cha Kiingereza, ukishakivika -ing au ukakitangulizia "having been", kinatoka mikono mitupu: hakina nafsi wala njeo. Kwa hiyo kinaazima mtenda kutoka kwa jirani wa kwanza, na jirani huyo ni kiima kinachokuja baada ya koma. Baada ya koma ya binti yule palikuwa na "the researcher". Ndiye aliyeingia sufuriani. Kishazi kinachoazima mtenda asiye wake namna hiyo ndicho msimamizi alichokiita "dangling", kinaning'inia.

Hivyo ndivyo vishazi vya partisipo, ambavyo mimi naviita tu vishazi vya -ing ingawa vipo pia vya -ed. Wasomi wanavipenda kwa sababu vinafupisha. Sentensi mbili zinakuwa moja, na maandishi yanapata ile sauti ya kikubwa ambayo mwanafunzi ameiona kwenye majarida, naye anaitaka.

Kuna mfano ninaoupenda zaidi kuliko wa kisamvu kwa sababu hauna kosa la sarufi ndani yake. Sema: "Nilimwona mwalimu nikishuka kwenye daladala." Halafu sema: "Nilimwona mwalimu akishuka kwenye daladala." Mtoto wa darasa la pili anajua nani alikuwa kwenye daladala katika kila moja. Sasa nenda kwa Kiingereza: "I saw the teacher getting off the daladala." Hapo Mwingereza atamshusha mwalimu. Ukitaka kujishusha wewe itakubidi ujenge sentensi upya, "As I was getting off", maana ile -ing haina pa kuchomeka ni- wala a-. Sisi tuna herufi moja au mbili zinazofanya kazi yote hiyo, na kwa kuwa tunazo tangu utotoni hatujui kama ni mali.

Nisijisifu kupita kiasi, kwa sababu hata kitambulisho chetu kina mahali kinapogoma. Soma wasifu wa marehemu wowote msibani: "Akiwa na umri wa miaka saba, baba yake alifariki dunia." Baba wa miaka saba! Tunaelewa kwa sababu tuna akili, si kwa sababu sentensi imetusaidia. Mtoto ni a-, baba ni a-, kitambulisho kimoja watu wawili. Au gazetini: "Baada ya kukamatwa, polisi walimpeleka kituoni." Ile ku- ni kitenzi kisicho na nafsi, ndugu wa damu wa -ing, na polisi wanabaki wamekamatwa. Kwa hiyo ugonjwa hata kwetu upo, ila kwetu unajitokeza kwenye kona chache. Kwa Kiingereza upo kila mahali, kwa sababu kila -ing ni ku- isiyo na mwenyewe.

Nami nimeumwa na ugonjwa huu. Tasnifu yangu ya uzamili ilikuwa na sura ya tatu iliyoanza aya karibu zote kwa neno "Using". "Using a questionnaire, data were collected from 60 respondents." "Using purposive sampling, three wards were selected." Nilijiona nimekomaa. Msimamizi wangu, mzee aliyekuwa na kawaida ya kuandika maoni yake kwa penseli ili asiharibu karatasi ya mtu, aliandika kando ya kila "Using" maneno mawili: "Nani katumia?" Kwa Kiswahili, kwenye tasnifu ya Kiingereza. Ukurasa mzima ulijaa nani katumia, nani katumia, kama mama anayeuliza nani kamaliza sukari.

Nilimfuata ofisini nikiwa nimekasirika. Nikamwambia, Mwalimu, si mimi nimetumia? Kwenye utafiti huu kuna nani mwingine? Akanijibu, basi kama ni wewe, mbona umejificha?

Jibu ni kwamba nilifundishwa kujificha. Mwanafunzi wa kwetu huingia chuoni akiwa ameshaambiwa kwamba "I" ni mwiko katika maandishi ya kitaaluma, na kwamba kauli ya kutendwa ndiyo adabu. Basi anaandika "data were collected", "samples were weighed", mtenda hayupo. Hapo bado hajakosea. Ila anapotaka kufupisha kwa kishazi cha -ing, kishazi kinamtafuta mtenda wake baada ya koma na kumkuta data. Kwa hiyo data ndizo zilizotumia dodoso. Ukiona "Using" kichwani na "were" baada ya koma, karibu kila mara kuna kitu kinaning'inia. Nahariri kwa alama hiyo tu. Sihitaji hata kuelewa mada.

Na ule mwiko wa "I" umeshalegea. Mwongozo wa APA, yaani wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, ambao vyuo vingi vyetu vinaufuata kwa marejeo, unamtaka mwandishi atumie nafsi ya kwanza anapoeleza alichofanya mwenyewe badala ya kujiita mtafiti kama anayemsema mtu mwingine, na unaonya kwamba kauli ya kutendwa ndiyo mama wa vishazi vinavyoning'inia. Tatizo ni kwamba mwanafunzi anaufuata mwongozo huo kwenye orodha ya marejeo, halafu sura ya tatu anafuata mila za idara. Nami sibishani na mila za idara, maana mimi si ninayekaa mbele ya jopo. Namuuliza mtu kwanza: msimamizi wako anaruhusu "I"? Akisema ndiyo, "Using a questionnaire, I collected data" inatosha, imemalizika. Akisema hapana, tunaitupa "Using" yenyewe: "Data were collected with a questionnaire." Kiswahili hapa kina dawa yake, "kwa kutumia", ambayo haimdai mtu nafsi. Ile kwa ndiyo "with".

Kwa haki niseme kwamba wanasayansi wenyewe wanaandika "data were collected using" kila siku, majarida makubwa yanachapisha, na dunia haijaanguka. "Using" ikiwa mwishoni mwa sentensi naiacha mara nyingi. Ikiwa kichwani naiondoa, si kwa sababu msomaji hataelewa, ila mtahini mmoja akiudhika ukurasa wa 34 ataendelea kuudhika mpaka ukurasa wa 90.

Wanafunzi wajanja hunibana hapo. Mmoja aliniuliza: na "Considering the small sample, the findings are encouraging"? Matokeo ndiyo yanayofikiria? Swali zuri. "Considering", "regarding", "following", "given", "depending on" zilikuwa vitenzi, zimetumika mpaka zimechakaa zikawa viunganishi tu, na hakuna anayezidai mtenda tena. Kama hilo linaonekana geni, tazama nyumbani. Kuhusu ni nini? Ni ku- na kitenzi husu. Kutokana na, kulingana na, vyote vilikuwa vitenzi na sasa ni vijineno vya kuunganishia. Ukisema "Kutokana na mvua, mechi imeahirishwa", hakuna mwendawazimu atakayeuliza mechi imetokana na nini. Na kufuatia, ambayo inawakera walimu wengi wa Kiswahili kwa kuwa ina harufu ya tafsiri ya redioni, imepita njia ileile ya "following" kiatu kwa kiatu. Orodha ya Kiingereza haina kanuni. Unaijua kwa kusoma. "Using" iko mlangoni, inabisha hodi, wengine wameshaikaribisha.

Wala tusidhani wenye lugha hawaning'inizi. Mzuka wa baba yake Hamlet, kwenye tamthilia ya Shakespeare, anasimulia uongo uliosambazwa kuhusu kifo chake: "sleeping in my orchard, a serpent stung me." Kwa kanuni ya koma, nyoka ndiye aliyekuwa amelala. Zaidi ya miaka 400 watu wanaisikia jukwaani na wanaelewa kwamba aliyelala ni mfalme. Kwa Kiswahili tungemaliza kwa ni- moja: nikiwa nimelala bustanini, nyoka aliniuma. Nilimtajia hilo mwanafunzi mmoja wa sheria akafurahi sana, akataka nimwandikie ili ajitetee nalo kwenye viva, ule mtihani wa mdomo wa kutetea tasnifu. Nikamwambia mzuka hahitaji alama za ufaulu.

Sasa wakati, maana hapo ndipo Kiswahili kinapotusaidia kweli na hatukitumii. Wanafunzi huniletea "Boiling the samples for 10 minutes, I cooled them." Hapo amechemsha na kupoza kwa pamoja, jambo ambalo hata mganga hawezi. Nawaambia waiseme kwanza kwa Kiswahili kichwani. Je, umesikia nikizichemsha au nikishazichemsha? Hakuna anayesema "nikizichemsha nikazipoza" akimaanisha moja baada ya nyingine, atasema nikishazichemsha. Ile -sha- ndiyo "having". Ukiisikia kichwani, andika "Having boiled". Usipoisikia, kama ni "alikuja akilia", -ing peke yake inatosha. Ujanja huu sikuusoma popote, niliupata nikimweleza muuguzi mmoja aliyekuwa anasoma jioni na hakuwa na muda wa kujua jina la njeo yoyote. Tangu hapo sifundishi "having" kwa njia nyingine.

Mkia ni habari nyingine. Naita mkia ile -ing inayokuja mwisho wa sentensi baada ya koma: "Most households abandoned cassava in the second season, suggesting that farmers lack education." Nani anayeashiria? Kaya? Hapana, ni tukio zima la kaya kuacha muhogo. Kiingereza kinaruhusu mkia kuitegemea sentensi yote, kwa hiyo huwezi kuiita kosa. Ila tazama kilichofanyika: hitimisho zito, kwamba wakulima hawana elimu, limeingizwa kwa mlango wa nyuma bila ushahidi. Kwa Kiswahili usingeweza kulipitisha kimyakimya. Ungelazimika kuandika "jambo linaloashiria kwamba wakulima hawana elimu", na hilo "jambo" lingesimama pale katikati, zito kama gunia, msomaji akauliza: jambo gani, na linaashiria vipi? Ndiyo maana nikikuta mkia naukata, naanzisha sentensi mpya kwa "This drop suggests", halafu namrudishia mwenye kazi. Nusu yao hurudi wakiwa wamelifuta hitimisho lenyewe, maana likishasimama peke yake wanaona halina miguu.

Siku hizi mikia imekuwa mingi ajabu, na sababu inajulikana. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walichapisha katika jarida la PNAS ulinganisho wa maandishi ya watu na ya modeli za lugha, zile programu za akili mnemba zinazoandika kama ChatGPT, wakakuta modeli zile zilizofunzwa kufuata maagizo zinatumia vishazi vya -ing mara 2 hadi 5 ya watu. Yeyote anayehariri alishalijua hilo puani kabla ya namba kutoka. Aya inaisha na "highlighting the importance of", inayofuata "underscoring the need for", inayofuata "thereby enhancing". Kila sentensi na mkia wake, kama zizi la mbuzi. Ubaya ni kwamba kuna wanafunzi walioandika hivyo kwa jasho lao, kwa kuiga makala walizosoma, na sasa wanaitwa wezi. Nilikuwa na kijana ambaye rasimu yake niliiona kwenye daftari, kwa mkono wake, na wino umevujia upande wa pili. Jopo likamwambia ni ya mashine. Nikamshauri akate mikia miwili kati ya kila mitatu. Si haki, lakini alikuwa na wiki mbili tu.

Kuna mahali pamoja ambapo mtu wa Kiswahili anaingia kwenye vishazi hivi kama anaingia chumbani kwake: pale vinapolifuata jina. "Data zilizokusanywa Kilosa mwaka 2019." Neno moja, zilizokusanywa, limebeba kile ambacho Kiingereza kirefu hukisema kwa maneno matatu, "that were collected". Kiingereza kifupi kinasema "data collected in Kilosa in 2019", na wanafunzi wangu wanakiandika bila kufundishwa, kwa sababu wameshazoea kulipa jina kitenzi kimoja na kusonga mbele. Wanafunzi wanaoishi bwenini, "students living in hostels". Sawa kabisa.

Mitego ni miwili. Wa kwanza ni njeo. Aliyeiba ana li- ndani yake, anayeiba ana na-, lakini "stealing" haina chochote, kwa hiyo "the man stealing my phone yesterday" haisimami. Tukio moja lililokwisha linataka "who stole". Wa pili ni -enye, na huu ungeweza kunijengea nyumba kama ningelipwa kwa kila mmoja. "Wakulima wenye chini ya ekari mbili" hugeuka "farmers having less than two acres". "Wajane wenye watoto", "widows having children". Sarufi haikatazi, lakini sikio la mtahini linakataa. -Enye ni "with". Farmers with, widows with. Nina mwanafunzi mmoja wa uhasibu ambaye faili lake lilikuwa na "having" 112 kwa hesabu ya kompyuta. Tulipomaliza zilibaki 9, zote halali.

Turudi kwa binti wa kisamvu. Nilimwandikia njia tatu pembeni. Ya kwanza: "Having boiled the samples for 10 minutes, the researcher cooled them", mtafiti ameshika mwiko badala ya kuwa ndani ya sufuria. Ya pili: "After the samples had been boiled". Ya tatu, ninayoipenda kuliko zote kwa sura ya tatu na ambayo wanafunzi wanaidharau kwa sababu haina mbwembwe: "The samples were boiled for 10 minutes and then cooled." Akaangalia ile ya tatu kwa huzuni kidogo, akasema, "Hii si hata dada wa kazi anaweza kuandika?" Nikamwambia dada wa kazi anajua kuchemsha kisamvu, ndiyo maana. Akachagua ya kwanza.

Miezi kadhaa baadaye alirudi pale stesheneri na nakala yake, jalada jeusi gumu, herufi za dhahabu, bado inanuka gundi. Alikuwa amefaulu, marekebisho madogo tu, na alitaka nione ukurasa wa shukrani, ambao hakuwahi kunipa nihariri. Jina langu lilikuwa aya ya nne, baada ya Mungu, msimamizi na wazazi:

"Having read every page of this work with great patience, I thank my sister and editor."

Nikaisoma mara mbili. Nikamwambia hongera sana, mdogo wangu, nikamwagizia soda.